Kichochoroni au pwani? Pa kumpigia picha mwanamuziki Mji Mkongwe

Simu huja namna ile ile kila mara. Kikundi kina safari, au kuna albamu inatoka, na wanataka picha za mpiga udi wao "pale Forodhani, jua likizama." Sikatai papo hapo. Nauliza tu: anapiga ala gani, atavaa nini, na Magharibi anaswali wapi? Majibu ya maswali hayo matatu ndiyo yanayoamua kama twende pwani au tuingie vichochoroni, na aghalabu tunaishia vichochoroni.

Pande ninazozilinganisha ni mbili. Kuna vichochoro vya ndani, yaani Kiponda, Hurumzi, Sokomuhogo, Baghani, Mkunazini na mitaa ya jirani. Na kuna ukingo wa bahari kuanzia Mizingani, kupita Forodhani, mpaka Shangani. Juu ya mapaa na ndani ya nyumba nitapagusa baadaye, maana kwangu hizo ni akiba. Mwenye haraka achukue hili: mtu mmoja, ala moja na saa moja tu, nenda kichochoroni asubuhi. Mwimbaji aliyevaa akapendeza na anataka mbingu nyuma yake, nenda pwani alasiri. Asiye na haraka aendelee kusoma, kwani kuna mitego pande zote mbili.

Mwanga

Mji Mkongwe umekaa upande wa magharibi wa kisiwa cha Unguja, kwa hiyo bahari yake ni bahari ya machweo. Anayetaka jua likichomoza majini aende Paje au Matemwe, au avuke Dar es Salaam akasimame Coco Beach alfajiri. Hilo la machweo ndilo linalowavuta watu Forodhani jioni, na ndilo linalowaponza. Tuko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, na jua la huku halizami kwa kubembeleza. Linashuka wima na kutumbukia. Mwaka mzima linatua kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa moja kasoro dakika kumi hivi, na likishatua una kama dakika ishirini za mwanga wa kutumika. Ongeza nusu saa ya kabla yake, utaona kazi nzima ya pwani haitimii saa moja. Mtu akichelewa kwa sababu kanzu ilikuwa haijapigwa pasi, nusu ya kazi imekwenda.

Halafu kuna adhana. Magharibi inaingia jua likishazama tu, katikati kabisa ya zile dakika ambazo mpiga picha alizisubiri mchana kutwa. Mzee wa taarab atakwambia "ngoja nikaswali kwanza", na hana kosa. Akirudi, bahari ni nyeusi. Mimi siku hizi nawaita wanamuziki baada ya sala ya Alasiri, naanza kazi saa kumi na moja, na kufikia adhana yeye huru. Rangi za mbingu za baadaye nazipiga peke yangu, bila mtu, kwa ajili ya bango. Mwezi wa Ramadhani sijaribu hata kidogo: saa ile kila mtu anawaza futari, nami nikiwemo.

Kichochoroni ni kinyume chake. Nyumba ni za mawe ya matumbawe na chokaa, ghorofa mbili mpaka nne, na baadhi ya njia ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Jua lenyewe halifiki chini ila karibu na adhuhuri. Saa nyingine kuna kivuli chepesi kinachokaa vile vile saa mbili, tatu nzima, mkapiga, mkazungumza, mkanywa chai, mkarudi, na mwanga bado uko palepale.

Ubaya wake ni kwamba mwanga wote unatoka juu, kama mtu aliyeko kisimani. Mwanamuziki akitazama mbele, macho yanakuwa mashimo mawili, na kofia ikishukia kwenye paji la uso ndiyo imekwisha. Tiba ya kwanza ni kumsogeza mpaka njia inapopanuka. Ya pili, na ndiyo naipenda zaidi, ni kumweka kwenye kizingiti cha mlango, ndani kidogo, akitazama nje: giza linakaa nyuma yake na mwanga unamjia usoni. Ya tatu ni kutafuta ukuta mweupe uliopigwa na jua kule ghorofani. Ule unamwaga mwanga upande wa pili wa njia, laini kuliko rifleta, yaani kibao cha kurudisha mwanga, yoyote ya dukani. Lakini tazama rangi. Turubai la buluu au dirisha la kijani linapaka ngozi, na ngozi nyeusi inayong'aa inaonyesha rangi hiyo kuliko unavyotarajia. Ukifika nyumbani kwenye kompyuta utahisi umempiga mgonjwa.

Kanzu nyeupe, kwa upande wake, hubadilika tabia kwa mahali. Kivulini ni rafiki: inarudisha mwanga chini ya kidevu na kufuta vivuli vya shingoni bila gharama. Juani ni adui. Ukipimia mwanga wa uso, kanzu inaungua, yaani inatoka nyeupe tupu pichani. Ukiiokoa kanzu, uso unapotea. Kwa hiyo pwani utahitaji flashi, au umgeuzie jua mgongo na kumjazia uso kwa rifleta, na awepo msaidizi wa kuishika kwa mikono miwili, maana upepo wa pale unaigeuza tanga. Kichochoroni nimefanya kazi nyingi na kamera, lenzi mbili na mfuko wa karanga.

Ala ndiyo inayochagua

Hapa ndipo wageni wengi wanapokosea. Wanachagua mahali kwanza, kisha wanamleta mtu na ala yake kama pambo. Wapiga picha wa harusi wanaweza kufanya hivyo kwa sababu shada la maua halina masharti. Udi una masharti.

Tumbo la udi ni la duara na lina vanishi. Linaakisi kila kitu. Pwani utaona ndani yake jua, wewe mwenyewe, na mtalii aliyesimama nyuma yako. Shingo yake nayo inajitokeza mbele. Ukitumia lenzi pana ya milimita 35 kwa karibu, kama watu wanavyofanya kichochoroni wakidhani hakuna nafasi, mkono unaoshika shingo unakuwa mkubwa kuliko kichwa cha mwenyewe. Nafasi ipo. Kichochoro ni chembamba kwa upana tu. Kwa urefu kinakwenda mbali. Simama mbali naye njiani, tumia lenzi ndefu ya milimita 85, mwambie aelekeze shingo ya udi sambamba na ukuta. Utapata uso, mikono, na nyuma yake njia inayopinda mpaka inapotea. Ukiwa na subira, atapita mtu mwenye buibui au mwenye baiskeli mbali kule, na picha itakuwa imejikamilisha.

Kanuni, ile ala bapa ya nyuzi nyingi, ndiyo inayonitoa jasho. Inalazwa mapajani au mezani, nyuzi zake sabini na ushei zikitazama juu. Ukimpiga mpigaji kwa mbele, usawa wa macho yake, ala nzima inakuwa mstari mmoja wa ubao, na asiyejua atadhani mzee ameshika trei. Kanuni inataka kuonwa kutoka juu. Pwani huna pa kupanda, isipokuwa uchukue ngazi ya fundi. Mji wa ndani umejaa mahali pa kupanda: ngazi za milango, baraza, na bora kuliko zote, dirisha la ghorofa ya kwanza. Mkalishe barazani, bisha hodi nyumba ya mbele, omba dirisha. Nimefanya hivyo mara kadhaa na sijawahi kunyimwa, ingawa mara moja nililazimika kula kwanza. Kutoka kule unaona nyuzi zote, na zile pete za vidole vya shahada zenye vijiti vya kupigia, kitu ambacho watu hawakioni hata wakikaa safu ya mbele ukumbini.

Mwenye fidla apewe upana. Upinde ukivutwa wote unafika mbali, na kwenye njia za Kajificheni nimeona upinde ukigonga ukuta, na uso wa mwenye fidla ukibadilika papo hapo. Huyu mpeleke kwenye kiwanja, au pwani. Nai, filimbi ya tete, ni nyembamba, inamezwa na kila kitu chenye nakshi. Nyuma yake weka ukuta mtupu au maji matupu. Akordiani ni nzito, atachoka, mkalishe. Dumbak, ngoma ndogo ya mkono, haina shida popote.

Na jambo moja la lazima: usiache ala juani. Gundi ya udi na ngozi ya kanuni hazikutengenezwa kwa jua la Shangani, na hewa ya chumvi inalegeza nyuzi unaona. Mzee mmoja mpiga kanuni nilimpeleka Mizingani alasiri kwa kung'ang'ania kwangu. Robo tatu ya muda wetu aliutumia kukaza nyuzi, mimi nikihesabu dakika moyoni na jua likiteremka. Picha aliyoichagua mwenyewe siku ile ni ile ya kukaza: kichwa kimeinama, sikio karibu na nyuzi, ufunguo mkononi, midomo imefunga. Sijui kama nilikuwa na bahati au yeye alikuwa na akili, lakini tangu siku hiyo huwa naanza kupiga kabla ala haijawa tayari.

Milango

Kila mtu anaomba mlango wa nakshi. Minyororo iliyochongwa kwenye fremu, samaki, maua, miiba ya shaba. Ni kazi ya mafundi wakubwa na ndiyo maana inashinda. Mweke mwanamuziki mbele yake na utakuwa umepiga picha ya mlango. Kama lazima, piga kwa pembeni, mlango ubaki robo ya picha, tundu la lenzi lifunguliwe ili nakshi zififie kidogo. Na ni mlango wa mtu, si pazia la studio. Kuna watu wanaishi nyuma yake na wanataka kutoka kwenda sokoni. Toa salamu, omba.

Watu wanaotazama

Mwanamuziki aliyezoea ukumbi wa watu mia tano anaweza kuona haya mbele ya watu watano wasiomshangilia. Kwa hiyo swali si kama mtatazamwa, kwani Unguja mtatazamwa tu. Swali ni na nani.

Forodhani alasiri kuna familia, kuna vijana wanaochupa baharini kutoka ukutani, kuna wapishi wanaowasha mkaa wa mishikaki, na kuna wageni. Wageni ndio tatizo. Wakiona kamera kubwa na mtu wa kanzu mwenye udi, wanatoa simu na kupiga juu ya bega lako, na macho ya mwanamuziki yanaanza kutangatanga hajui atazame wapi. Moshi wa mkaa, kwa upande mwingine, ni zawadi: mwanga wa pembeni ukiupita unakupa pazia ambalo mahali pengine ungelipia. Kuhusu Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la kisultani pale Forodhani, usiitegemee kuwa nyuma ya picha. Tangu sehemu yake iporomoke tarehe 25 Disemba 2020, imekuwa ya mabati na vyuma vya mafundi. Kaitazame kwanza siku moja kabla.

Vichochoroni wanaotazama ni watu wanaomjua. Barazani kuna kahawa, dhumna na maneno. "Shikamoo maalim! Leo umekuwa bibi harusi?" Mwingine atacheka, mabega yatashuka, na hapo ndipo unabonyeza. Mwingine ataona aibu na kukunja uso kwa saa nzima. Mjue mtu wako. Kwa mwimbaji wa kike nafikiria zaidi: kukaguliwa na safu ya wanaume wa barazani si jambo dogo, na pwani hana pa kubadilisha nguo. Hapo naomba nyumba ya shangazi au rafiki yake ndani ya mji, anatoka amevaa tayari, tunapiga mlangoni pale pale, na kina mama wa nyumba wanasimama kuwa walinzi. Hakuna msaidizi wa studio anayeweka ushungi vizuri kama wao.

Saa nayo ina neno. Kuanzia saa moja asubuhi mpaka karibu saa tatu, njia ni za wenyewe: watoto wa skuli, muuza mkate, paka. Baadaye maduka ya mtaa wa Gizenga na Hurumzi yanatundika nje picha, kikoi na vikapu mpaka ukuta hauonekani, na makundi ya watalii yanaanza kupita na viongozi wao. Kiponda na upande wa Malindi vinabaki na utulivu muda mrefu zaidi. Vespa hazina ratiba. Ukisikia honi, mpigaji na ala wabanwe ukutani kwanza, picha baadaye.

Masikio

Nimeacha hili mpaka hapa ingawa kwangu ndilo zito kuliko yote. Mimi simwambii mwanamuziki ajifanye anapiga. Namwambia apige. Vidole vya mtu anayejifanya vinakaa mahali ambapo sauti haipo, na kila mpiga udi atakayeiona picha hiyo ataijua.

Basi, pwani sauti inapotea. Upepo unaichukua, uwe wa kaskazi au wa kusi, pikipiki zinapita Mizingani, na mwanamuziki asiyejisikia anaongeza nguvu. Mishipa ya shingo inatoka, uso unakuwa wa mtu anayebishana. Kichochoroni kuta zinamrudishia sauti yake. Ile njia nyembamba ya mawe inafanya udi mmoja usikike kama uko ndani ya mtungi. Nimeona watu wakianza kupiga kwa ajili ya kamera na baada ya dakika mbili wameisahau, macho yamefumba nusu, kwa sababu wamesikia kitu walichokipenda. Siku moja Sokomuhogo bibi mmoja alishuka ngazi, akasikiliza ubeti mzima, akamtunza mpigaji noti mkononi, akapanda zake bila kunitazama. Picha ninayo. Pwani isingetokea.

Picha za marehemu Bi Kidude, mwimbaji wa taarab aliyetutoka 2013, ambazo mimi nazikumbuka ni uso na mikono. Sikumbuki hata moja kwa ajili ya bahari iliyokuwa nyuma yake.

Pwani inaposhinda

Nisionekane nina chuki nayo. Kuna siku pwani ndiyo jibu, hasa kwa mwimbaji asiye na ala, mwenye gauni lenye kitambaa chepesi: upepo ule ule unaoiba sauti unakipa kitambaa uhai. Kwa vijana wa zenji fleva, muziki wa kizazi kipya wa Zanzibar, wanaotaka picha isomeke kwenye simu ikiwa ndogo kama ukucha, umbo moja jeusi mbele ya mbingu ya rangi linasomeka kuliko uso ndani ya kivuli. Na bango linalohitaji nafasi tupu ya kuandika tarehe na kiingilio, bahari inakupa nafasi hiyo bure.

Ila soma maji kabla ya kupanga. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa alasiri na tofauti ya kujaa na kupwa inakaribia mita 4. Shangani mchanga wote unafunikwa na mtabaki juu ya ukuta. Siku za maji mafu, tofauti hiyo ikiwa ndogo, alasiri utakuta mchanga, mashua zilizoegama, na majani ya bahari yenye harufu ambayo kwa bahati haiingii kwenye picha. Masika, Machi mpaka Mei, usiahidi mtu machweo.

Paa, chumba na ruhusa

Juu ya paa kuna upepo na kuna faragha, basi. Wanaokuja wakitarajia mji wa zamani ulioenea chini yao hukuta mabati yenye kutu, matangi ya maji na madishi. Minara ya kanisa la Minara Miwili ikiwa mbali inasaidia. Mapaa mengi mazuri ni ya hoteli na utalipia, angalau kinywaji.

Chumba chenye dirisha moja la mbao kinashinda vyote siku ya mvua, na kwa wazee wasioweza kutembea. Kama mwanamuziki ni wa kilabu cha taarab, omba kwenye chumba chao cha mazoezi. Kilabu cha Ikhwani Safaa kipo tangu 1905, na kuta za mahali pa namna hiyo zina picha za waliotangulia. Mkalishe chini yao.

Ruhusa ni fupi: mwambie sheha wa mtaa kama utaweka taa na stendi, usielekeze kamera bandarini Malindi wala kwenye majengo ya vikosi, na droni usirushe bila kibali. Februari, wakati wa Sauti za Busara, tamasha linalofanyika tangu 2004, wanamuziki wamejaa mjini na njia zimejaa vilevile. Wiki hiyo piga saa moja asubuhi au usipige. Usitarajie wataamka.

Kundi zima la watu kumi na mbili ni kazi nyingine. Kichochoro hakiwatoshi, na pwani wanakuwa safu ya kanzu zinazoungua juani. Hao nawapeleka Ngome Kongwe asubuhi, upande wenye kivuli cha ukuta, na nawaomba kila mtu aje na kiti chake cha mazoezini. Kanuni nailaza mezani mbele, nami napanda ngazi za watazamaji mpaka nione nyuzi.